Wino wa Felista

Vijana wa karakana, siku ya kuniaga mlinipa kitenge, sufuria na daftari hili. Kitenge nimekivaa, sufuria nimeipikia maharage, na daftari mlisema niandike humo namna ya kupika wino mweusi wa zamani, ule niuitao wa Felista, tulioufufua pamoja mwaka jana kwa ajili ya picha zenu za kuchonga na kuchapa kwa mbao. Mlitaka vipimo. Vipimo sina. Mimi shule niliiacha darasa la pili, wala sikuiacha kwa huzuni, maana mwalimu alikuwa mkali na ng'ombe wa baba walikuwa wapole. Kwa hiyo nitaandika kama ninavyosema. Nikipotea njiani mnivumilie, nitarudi.

Nilianza kazi kabla ya vita, miaka ile tuliposhushwa kutoka vilimani tukaletwa kwenye kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mstari mmoja hata mtu akipiga chafya mstari wote unamwombea afya. Kijijini tuliletewa mashine ya chapa ya mkono, kwa ajili ya elimu ya watu wazima. Ilikuwa ya chuma tupu, mguu mmoja umevunjika, tukautegemeza kwa kinu kilichopasuka. Ilikaa ghalani, kati ya magunia ya mahindi na jembe la kukokotwa na ng'ombe ambalo halikupata ng'ombe wa kulikokota. Aliyeijua alikuwa mtu mmoja tu, Mzee Laurenti, ambaye ujanani mwake alifanya kazi ya chapa huko Rulenge. Nusu ya kijiji ilimwita Raurenti. Aliitikia yote mawili.

Mimi sikwenda pale kutafuta kazi. Nilikwenda kuomba radhi, kwa sababu mbuzi wetu alikuwa amekula tangazo la mkutano. Mzee Laurenti akanitazama juu ya miwani.

"Alikula lote?"

"Hapana, mzee. Karatasi nyeupe alikula. Palipoandikwa alibakiza."

"Ahaa. Basi wino wetu ni mchungu. Njoo kesho uoshe rola."

Ndiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza. Watu wengine huingia kazini kwa cheti, mimi niliingizwa na mbuzi.

Niliosha rola, lile gogo la kupakia wino, miezi mingi. Nikapewa kusafisha herufi, kisha kuzirudisha kwenye kasha lake, kila moja chumbani kwake, na hapo ndipo nilipojifunza kusoma. Lakini sikilizeni jambo hili, maana nyinyi wa kompyuta hamlijui: herufi ya chapa imekaa kinyume, kama mtu anayejitazama kwenye maji. Mimi nilijua kusoma kinyume kabla ya kujua kusoma. Nilipoingia darasa la watu wazima pamoja na wenzangu, mwalimu akanipa kitabu, nikainua ukurasa mmoja nikausoma kwa nyuma kupitia mwangaza wa dirisha. Darasa zima lilicheka. Aliyecheka kupita wote alikuwa shangazi yangu Felista, dada wa baba, aliyekaa dawati la nyuma yangu.

"Generoza," aliniambia, "wewe unasoma kama mtu anayetembea juu ya miiba."

"Na wewe shangazi husomi kabisa."

"Mimi bado natafuta viatu."

Shangazi Felista alikuwa msusi wa vikapu. Vikapu vyake vilikuwa vyeupe vyenye michirizi myeusi inayokwenda kama nyoka aliyelewa, na ule weusi wake ulijulikana mpaka ng'ambo ya pili ya bonde. Shikeni hapo, nitarudi kwa huyu mama.

Jambo jingine la kushika ni L na R. Sisi tuliozaliwa na Kihangaza, ulimi wetu hauoni tofauti yake. Kwa masikio yetu ni mapacha, na mwenye kuita pacha mmoja akaitika mwenzake haoni hasara. Mwalimu alitueleza mara nyingi kwamba R ina mguu na L imekaa kitako. Tuliitikia, "Ndiyo mwalimu," tukaenda nyumbani tukiendelea kura wari na kurara usingizi.

Vita vilipoanza, malori yote yalikwenda kubeba askari. Tuliyaona yakipita yamejaa vijana wanaoimba, na baadhi yao walikuwa wetu. Dukani ikaondoka chumvi, ikaondoka sabuni, ikaondoka mafuta ya taa. Kopo letu la mwisho la wino lilikwisha tukilikwangua kwa kijiko. Tukakaa na karatasi, tukakaa na mashine, tukawa kama watu wenye chungu na kuni bila unga.

Katika hali hiyo ikaja barua kutoka kwa afisa wa elimu ya watu wazima. Mzee Laurenti aliisoma amesimama, kisha akaketi juu ya gunia. Afisa alisema angekuja Jumatatu ya wiki ya tatu kufungua darasa jipya. Anataka akute matangazo yamebandikwa, watu wamekuja, na kurasa za kusomea zimechapwa. Kama haiwezekani, mashine itachukuliwa ipelekwe Biharamulo, kwa watu watakaoitumia.

Sikumlaumu. Mashine isiyochapa ni chuma tu. Lakini nilihesabu kimya kimya: mashine ikienda, kazi yangu imekwenda. Kurasa za kusomea zikikosekana, darasa limekufa. Na mimi nilikuwa nimefika katikati ya kusoma. Katikati ni mahali pabaya. Asiyejua kabisa hupita mbele ya maandishi kwa amani, lakini wa katikati kila ukuta unamwita na hawezi kuitika.

"Tutapika wino wenyewe," nikasema.

"Kwa nini?" akauliza Mzee Laurenti, akimaanisha kwa kitu gani.

Alijua jambo moja: wino wa chapa ni masizi na mafuta. Mafuta ya aina gani hakujua, maana ujanani mwake yalikuja kwenye pipa na yeye hakuwa mtu wa kuuliza mapipa. Kijijini mafuta yaliyopatikana yalikuwa ya nyonyo, yaani mbarika. Basi nikapita jiko kwa jiko nikikwangua masizi kwenye vyungu na chini ya paa. Akina mama walidhani ni kampeni mpya ya usafi. Wakaniletea masufuria yao yote, na mmoja akaniletea hata sufuria ya jirani ambaye hawasemeshani.

Tulisaga masizi na mafuta ya nyonyo siku nzima, tukachapa. Vijana, ulikuwa mzuri! Mweusi unaong'aa, herufi zimesimama kama zimechongwa. Mzee Laurenti alicheza kidogo, akiwa na umri wake ule. Tukatundika kurasa kwenye kamba zikauke.

Kesho yake zilikuwa mbichi. Keshokutwa mbichi. Siku ya nne ukigusa unaondoka na aya nzima kwenye kidole. Mafuta ya nyonyo hayakauki, andikeni hilo kwa herufi kubwa ukutani. Mwenyekiti wa kijiji alikuja kukagua, akashika ukurasa, akajishika shavu akifikiri, akajifuta paji la uso, akaenda kuhutubia mkutano. Hakuna aliyemwambia. Jumapili kanisani ungejua nani amepita ghalani kwa kutazama masikio. Na sabuni ilikuwa hakuna, tulijisugua kwa majivu na majani ya mpapai mpaka ngozi ikaomba msamaha.

Zilibaki siku kumi. Hapo ndipo nilipokwenda kwa shangazi Felista, nikamkuta kibarazani amekaa na ukili wake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Naona leo umekuja na mashavu yako ya kawaida."

"Shangazi, ule weusi wa vikapu vyako, unakauka?"

Alitoa kikapu kikuukuu kilichotundikwa ukutani, akanitupia. "Hicho alikitumia bibi yako. Kimebeba maharage, kimebeba samadi, kimekubeba wewe ukiwa mtoto na mengine uliyoyafanya humo. Sugua."

Nikasugua. Weusi ulikuwa mahali pake.

"Nifundishe."

"Nikufundishe ili Raurenti aseme ni wino wa serikali?" Akaweka ukili chini. "Sikiliza, Generoza. Nimesuka vikapu tangu sijaota matiti. Watu husema, kikapu kizuri. Hawasemi cha nani. Nitakufundisha, lakini tangazo lenu la kwanza liwe na jina langu. Chini. Herufi kubwa kama zile za mkutano."

"Nitalipanga la kwanza kabisa, shangazi, kabla ya neno jingine lolote."

"Apa."

Nikaapa. Kumbukeni kiapo hicho, ndicho kilichotupeleka tulikofika.

Sasa wino wenyewe, mlioutaka. Mnajua wote doa la mgomba. Hakuna mtu wa huku asiye na nguo iliyoharibiwa na utomvu wa mgomba, na hakuna sabuni iliyowahi kuliondoa doa lile. Tumelalamika miaka yote, kumbe ulikuwa wino unaotuita. Shangazi alikata mgomba uliokwisha kuzaa, akakinga utomvu kwenye kibuyu. Kisha tukashuka kinamasini kutafuta tope. Si tope lolote. Ni pale ambapo maji yana utando wa rangi ya kutu juu yake, na ukichimba chini tope ni jeusi linanuka kama yai viza. Ukichanganya utomvu na tope lile ukachemsha kwenye chungu cha udongo, unaona rangi inageuka machoni pako, kahawia, zambarau, kisha nyeusi. Sufuria ya bati usitumie, itakutobokea. Chuja kwa kaniki mara mbili.

Lakini ule ulikuwa mwepesi, wa kuchovyea ukili, kwenye herufi ulitiririka kama machozi. Nikasema tutie masizi. Shangazi akasema masizi yana mafuta ya jikoni, yachomwe tena. Tukayafunga ndani ya chungu, tukaziba mdomo kwa udongo, tukachoma mpaka moshi ukaisha. Yakatoka makavu, mepesi kama vumbi la mabawa ya kipepeo. Nikayamwaga kwenye wino, yakaelea. Nikakoroga, yakaelea. Yakanirukia puani.

Shangazi akacheka mpaka akashika mti. "Masizi hayapendi maji," akasema. "Yanapenda pombe, kama marehemu mume wangu."

Akachukua rubisi kali ya ndizi, akayalowesha kwanza mpaka yakawa uji. Kweli, yakazama yakatulia. Na ndivyo alivyokuwa marehemu, akilewa anatulia. Mwisho tukatia gundi ya mgunga iliyoyeyushwa ili wino ushike, na asali kidogo ili usipasuke ukikauka. Wino huu rola inaukataa, usijaribu. Funga kifundo cha kitambaa chenye pamba ndani, gongagonga juu ya herufi za mbao kwa upole, maana za chuma nazo zinaukataa. Na kabla ya kuuamini, chapa karatasi moja, ianike, kisha iache mvuani. Yetu ilinyeshewa siku mbili. Karatasi ilichoka, wino haukuchoka.

Kurasa za kusomea Mzee Laurenti alikuwa amezichonga kwenye mbao, tukazichapa zote kwa siku tatu. Likabaki tangazo. Hilo lilipangwa kwa herufi kubwa za mbao, na L nzima tulikuwa nazo nne tu. Ya tano ilipasuka zamani. Nikaanza na kiapo changu: WINO WA FELISTA, chini kabisa. Kisha nikapanda juu: DARASA LA WATU WAZIMA. JUMATATU SHULENI. KILA MTU AJE NA KA— nikanyoosha mkono kwenye kasha, chumba cha L kitupu.

Sikuhangaika. Nilimwita pacha wake. Nikatia R.

Mzee Laurenti akaja kukagua, akavaa miwani, akasoma kwa sauti kila neno. Alipofika mstari ule akasema, "Kila mtu aje na karamu yake," kama alivyosema maisha yake yote, nami nikasikia kalamu, naye akasikia kalamu. "Safi," akasema. Tukachapa. Tukabandika dukani, kisimani, shuleni na ofisi ya kijiji.

Jumatatu afisa alikuja na Landrova. Mtu mrefu, suruali imepigwa pasi, mgeni wa kutoka mikoa ya mbali, anayetamka L na R kila moja na kiti chake. Alikuta watu wamejaa uwanja wa shule kuliko mkutano wowote. Uso wake ukafurahi.

"Ndugu wananchi! Kalamu mmeleta?"

"Tumeleta!"

"Hebu inueni juu nione."

Vikainuka vyungu. Vikainuka vikapu vya ndizi, mabakuli ya maharage, kuku wamefungwa miguu, vibuyu vya rubisi. Mzee mmoja alishindwa kuinua cha kwake kwa sababu kilikuwa beberu.

Afisa akavitazama kimoja kimoja. Alidhani anadhihakiwa. Akauliza, "Hizi ndizo kalamu?" na mama mmoja akamjibu kwa adabu, "Ndiyo Ndugu. Yangu ni ya ndizi na maharage. Nyama sina, ni vita, utusamehe."

Akaenda moja kwa moja kwenye tangazo lililobandikwa mlangoni mwa shule. Akasoma. Niliona shingo yake ikivimba.

"Nani amepanga hii?"

"Ni mimi, Ndugu," akasema Mzee Laurenti, akasogea mbele.

Machoni mwangu niliiona mashine ikipakiwa. Lakini sikuweza kumwacha mzee abebe kosa langu. "Siye yeye, Ndugu. Ni mimi. L ziliisha."

"Ziliisha? Zilikwenda wapi?"

Nikaonyesha chini ya tangazo kwa kidole. Ndipo shangazi Felista akatoka kwenye kundi, chungu kichwani, hata hakukishika kwa mkono.

"Ndugu Afisa, L nimeila mimi. Ni ile pale, katikati ya jina langu. Lakini nikuulize. Matangazo ya zamani yalibandikwa hapa, watu walikuja wangapi?"

Afisa akamgeukia mwenyekiti. Mwenyekiti akasema, "Sita." Kisha akaongeza kwa sauti ndogo, "Pamoja na mimi."

"Walikuja sita kwa sababu hakuna aliyesoma, waliambiwa na mgambo. Hili hakuna aliyetuambia. Mimi nilisimama kisimani na jembe begani, nikalisoma mwenyewe, herufi kwa herufi, mpaka maji yangu yakapata jua. Mwalimu alitufundisha R ina mguu. Hiyo ina mguu au haina?"

"Ina mguu," akasema afisa.

"Basi tumeleta ilichosema."

Afisa akaokota kijiti. Akainama, akaandika mavumbini, KALAMU. "Soma hii, mama."

Uwanja mzima ulisogea karibu. Hata beberu. Shangazi akainamisha macho tu, kichwa kimebaki wima kwa sababu ya chungu. Midomo ikaanza kutembea. "Ka... la... mu." Akasimama. Akarudia haraka, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilisikia ulimi wa Felista ukipiga L kama ya redioni. "Kalamu! Ah! Hii ndiyo uliyoitaka? Sasa si ungetuandikia hii?"

Afisa alijizuia kidogo, kisha akacheka. Alicheka ameshika magoti, suruali yake iliyopigwa pasi ikiburuzika mavumbini. Alipopata pumzi akarudi kwenye tangazo, akalamba kidole gumba, akasugua jina la Felista. Akatazama kidole. Kisafi.

"Limenyeshewa hili?"

"Siku tatu," nikasema.

"Wilaya nzima haina wino. Huu mmeutoa wapi?"

"Mgombani," akasema shangazi, akatua chungu. "Kula kwanza."

Alikula sahani mbili, na vidole vya mafuta akavisugua tena kwenye tangazo akidhani hatumwoni. Kabla ya kuondoka alimwambia Mzee Laurenti maneno ambayo mzee aliyasimulia mpaka mwisho wake, "Mashine haiendi Biharamulo. Kitakachokwenda Biharamulo ni wino." Na ndivyo ilivyokuwa. Vita vilipoendelea tulijaza wino kwenye chupa, ukaenda Biharamulo mjini, ukaenda Runazi na Nemba, popote palipokuwa na darasa. Kalamu zilikuja baadaye, zikiwa chache, tukizipokezana.

Kwa wino huo tulichapa tangazo la kuwapokea vijana wetu waliporudi kutoka vitani. Na majina mawili ya wasiorudi tuliyachapa kwa ajili ya misa, Mzee Laurenti akayagonga mwenyewe, polepole. Kisha makopo ya dukani yakarudi, na weusi wa shangazi ukarudi kwenye vikapu. Yeye alifariki akiwa anasoma vizuri kuliko mimi, na hakuacha kunikumbusha.

Mmekuwa mkiniuliza kwa nini, kabla sijapanga neno lolote, nahesabu L. Sasa mnajua. Hesabuni na nyinyi. Na kama hazitoshi, jiulizeni kwanza nani anayehitaji moja kuliko wote.

Siku mliyoniaga nilifika mapema, nikakuta tangazo lenu mlangoni, mmelichonga kwenye mbao mkalichapa kwa wino ule: KARAMU YA MAMA GENEROZA. R yenye mguu, mahali pake. Nikachungulia chini kabisa. Mlikuwa mmeandika kwa herufi kubwa, WINO WA FELISTA, na hakuna aliyewaambia muandike. Nilitazama nyuma kama kuna mtu, nikalamba kidole, nikaisugua ile L.

Haikutoka.